"Upendeleo wa Kienyeji" katika Kompyuta za Ofisi: Istilahi za Nyufa za Mifumo Endeshi Iliyokoma Kutunzwa

Katika ofisi moja ya umma iliyo karibu na ufuko wa Ziwa Viktoria, mjini Mwanza, tulionyeshwa waraka uliokuwa umebandikwa ubaoni. Waraka huo uliwaarifu watumishi kwamba kompyuta zao zilikuwa na "udhaifu wa kupandishwa kwa upendeleo wa kienyeji", na kwamba hatua zichukuliwe bila kuchelewa. Watumishi waliusoma, wakautafakari, na wote wakauelewa kwa namna moja: kwamba wako watu wanaopandishwa vyeo kwa kupendelewa na jamaa zao wa nyumbani, na kwamba orodha yao imo katika kompyuta. Waraka ukapelekwa kwa afisa utumishi. Afisa huyo, ambaye ni mtu makini, akajibu kwa maandishi kuwa upandishaji vyeo hapo hufuata muundo wa utumishi, na kwamba mwenye malalamiko ayalete kwa njia ya kawaida. Jalada likafungwa. Kompyuta hazikuguswa.

Miezi miwili baadaye, katika kompyuta iliyokuwa ikitumika kuandikia malipo ya leseni za vyombo vya uvuvi, ilionekana akaunti ya msimamizi ambayo hakuna mtumishi aliyeifungua. Maandishi ya wiki kadhaa hayakuweza tena kuaminiwa, ikabidi yahakikiwe upya kwa stakabadhi za karatasi, moja baada ya moja.

Hatuelezi haya ili kumcheka mfasiri. Alipewa karatasi ya Kiingereza jioni, akatakiwa kuirudisha asubuhi, na chombo chake kilikuwa kamusi ya kawaida tu. Kila neno aliloliandika lina ushahidi katika kamusi hiyo. Kosa lake, ikiwa lafaa kuitwa kosa, ni kwamba alifasiri maneno matatu mahali palipotakiwa kufasiriwa jambo moja. Katika makala haya tumekusudia kulieleza jambo lenyewe kwanza, kisha kuyapima maneno yanayoweza kulibeba. Yale tutakayoyapendekeza hayajapitishwa. Twayaleta mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali ili yajadiliwe.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoitawala kompyuta: ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua programu ipi ipewe zamu katika prosesa, na inayoruhusu au kukataza faili kusomwa. Windows ni mfumo endeshi, Linux kadhalika. Ndani ya mfumo endeshi watu hawako sawa. Yuko mtumiaji wa kawaida, ambaye huandika barua zake, huchapa, na huhifadhi kazi zake mahali pake. Yuko msimamizi, ambaye huweka na kuondoa programu, hufungua akaunti za wengine, na aweza kusoma mafaili yote. Na chini yao wote kuna kiini, yaani ile sehemu ya mfumo inayozungumza moja kwa moja na mashine. Anayekishika kiini hana wa kumzuia.

Tuchukue mfano wa meli. Abiria anayepanda MV Victoria katika bandari ya Mwanza kwenda Bukoba kupitia Kemondo ana tikiti halali. Hakuiba, hakuruka ukuta wa bandari. Ana haki ya kuwamo melini. Lakini tikiti yake ni ya daraja la tatu, nayo haimpi ruhusa ya kuingia chumba cha usukani. Akitaka jambo huko, humwambia baharia wa zamu, naye baharia hupima kama ombi hilo lafaa kupelekwa. Sasa tuseme kwamba baharia ana kawaida ya kupeleka kila bahasha yenye muhuri bila kuuchunguza muhuri, na abiria wetu amegundua kuwa muhuri huo waweza kuchongwa kwa kiazi. Atachonga muhuri, atatuma amri, na meli itageuka kuelekea Ukerewe, ilhali yeye mwenyewe angali ameketi juu ya mzigo wake chini kabisa. Hilo ndilo jambo tunalolitafutia jina. Mtu, au programu, aliyekwisha kuwamo ndani ya kompyuta kwa madaraka madogo, anatumia kasoro iliyomo katika mfumo endeshi ili ajipatie madaraka makubwa ambayo hakupewa na yeyote.

Mfano wa muhuri haukuchukuliwa hewani. Mwezi Januari 2010 mtaalamu aitwaye Tavis Ormandy alitangaza kasoro ya namna hiyo katika Windows. Mifumo ya Windows ya wakati ule ilikuwa bado imebeba sehemu ya kuendeshea programu za zamani za DOS, kwa kuwa watu hawakutaka kuzitupa. Katika kazi hiyo, kiini kilikuwa kikipokea baadhi ya tarakimu kutoka upande wa mtumiaji na kuziamini kana kwamba kimeziandika chenyewe. Mtumiaji wa kawaida aliyejua kuzighushi tarakimu hizo aliweza kukifanya kiini kiendeshe maagizo yake. Kasoro hii ilikuwamo tangu Windows NT 3.1 ya mwaka 1993. Miaka kumi na saba ilipita. Wahandisi walizaliwa, wakasoma, wakaajiriwa, nayo imo. Microsoft iliarifiwa mwezi Juni 2009 na kiraka kikatolewa tarehe 9 Februari 2010. Jambo la ajabu ni kwamba baada ya kiraka kutiwa, kompyuta nyingi zilianza kuanguka kila zinapowashwa, na uchunguzi ukaonyesha kuwa zilikuwa zimekwisha kuingiliwa na programu haribifu iitwayo Alureon, iliyojificha karibu na kiini, nayo haikupatana na kiini kilichotengenezwa upya.

Sasa tuje kwenye maneno.

Neno "upendeleo" latoka katika kupendelea, na lina yule anayependelea na yule anayependelewa. Katika mfumo endeshi hakuna mapenzi: msimamizi ana uwezo zaidi kwa sababu kazi yake yataka hivyo. Kwa hiyo "upendeleo" haufai, hata kama kamusi yautoa kama maana ya kwanza. Wafasiri wengine hutumia "haki", na twakiri kwamba neno hili limeenea. Lakini haki ni kitu anachostahili mtu, na kumwondolea ni dhuluma. Fikiri, ndugu msomaji, barua ya fundi isemayo: "Kuanzia kesho watumishi wote wataondolewa haki zao na kubakiwa na haki za kawaida." Kabla ya saa nne asubuhi chama cha wafanyakazi kitakuwa mlangoni.

"Mamlaka" ni neno zito na zuri, illa limekwisha kupewa kazi nyingine. Tunayo Mamlaka ya Mapato, tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao. Na waraka utakaotaja "udhaifu wa mamlaka" hautapita salama katika masjala yoyote ya Serikali. Lililobaki ni "madaraka". Twaliona hili kuwa ndilo lenyewe. Mtu hupewa madaraka ya kutia sahihi hundi. Huyatumia akiwa katika nafasi hiyo. Akihamishwa, madaraka hubaki na nafasi yake wala hayaondoki naye. Ndivyo ilivyo akaunti ya msimamizi. Neno "ruhusa" twaliacha kwa ajili ya tendo moja moja: ruhusa ya kusoma faili hili, ruhusa ya kuandika katika lile. Ruhusa nyingi zilizofungwa pamoja na kutundikwa kwenye nafasi ndizo madaraka.

Utumishi wa umma umetupa zawadi nyingine ambayo hatukuitarajia. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanzia katika maabara za Bell huko Marekani, Dennis Ritchie alibuni utaratibu, nao ukapewa hataza mwaka 1979, ambao kwao programu ikiitwa na mtumiaji wa kawaida hufanya kazi kwa madaraka ya mwenye programu badala ya madaraka ya aliyeiita. Mtu anayebadili neno lake la siri hana ruhusa ya kuandika katika faili linalotunza maneno ya siri ya wote, lakini programu ya kubadilishia inayo, na humfanyia. Tulihangaika sana kulieleza jambo hili, mpaka mmoja wetu alipokumbuka neno ambalo kila karani wa Mwanza analijua: kukaimu. Programu hiyo yakaimu. Ina madaraka ya muda, kwa kazi moja, na kazi ikiisha madaraka yamekwisha. "Programu kaimu" ni istilahi inayojieleza, na hatari yake yajieleza pia, kwa kuwa kaimu asiye mwangalifu hudanganyika upesi. Mwezi Januari 2022 wataalamu wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro katika pkexec, programu kaimu iliyomo katika aina nyingi za Linux. Programu hiyo ilichukulia kwamba kila anayeiita ataiandikia angalau neno moja. Ilipoitwa bila neno lolote, ilisoma mstari usiokuwa wake, na kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida akaweza kujifanya msimamizi. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 2009. Twautaja mfano huu kwa sababu wako wanaodhani kwamba tatizo hili ni la Windows peke yake.

Kuhusu tendo lenyewe, mfasiri wa waraka aliandika "kupandishwa". Hapa ndipo sarufi yetu ingeweza kumsaidia lau angeipa nafasi. Anayepanda, amepanda tu. Anayepandishwa, yuko mwingine aliyempandisha. Lakini anayejipandisha hakupandishwa na yeyote, na silabi hiyo moja ya "ji" yatosha kueleza kuwa kuna ujanja. Kiingereza hakina silabi hiyo katika istilahi yake, na msomaji wake hana budi kujua kwa njia nyingine kwamba jambo hili ni la hila. Sisi tunayo bure. Tulilifikiria pia neno "kujikweza", ambalo ni fupi na lina ladha, lakini katika matumizi ya watu lamsema mwenye majivuno, na mwizi wa kompyuta hana majivuno. Shabaha yake ni asionekane. Kwa hiyo twapendekeza "kujipandisha madaraka".

Neno lililotusumbua kuliko yote ni lile la kwanza katika Kiingereza, ambalo mfasiri alilifanya "kienyeji". Kuku huwa wa kienyeji, pombe huwa ya kienyeji; kasoro ya kompyuta haiwezi kuwa ya kienyeji. Maana inayotakiwa ni kwamba mwenye kuitumia kasoro hiyo lazima awe amekwisha kuingia katika mashine, tofauti na yule anayeishambulia kutoka nje kupitia mtandao. Programu ya WannaCry, iliyoenea duniani tarehe 12 Mei 2017, ilikuwa ya namna hii ya pili: ilitoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao bila mtu yeyote kubofya kitu, na Microsoft ikalazimika kutoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuachwa. Kasoro ya namna ile ni ya mbali. Hii tunayoizungumza ni ya wapi?

Jibu la haraka ni "ya ndani", na ndilo lililotumika katika ofisi ile ile ya Mwanza mara ya pili. Baada ya akaunti ngeni kuonekana, taarifa ya fundi ilifasiriwa kwa uangalifu zaidi, na ikasema kwamba lilikuwa "shambulio la ndani". Mkuu wa ofisi akaelewa kama ambavyo yeyote kati yetu angeelewa: mtu wa ndani ni mtumishi. Karani aliyekuwa akiitumia kompyuta hiyo, mama mwenye miaka mingi kazini, akaondolewa mezani na kuambiwa asubiri nyumbani. Alisubiri siku kumi na moja. Ndipo fundi alipokuja mwenyewe na kueleza kwamba "ndani" aliyoikusudia ni ndani ya mashine, wala si ndani ya ofisi. Programu haribifu ilikuwa imeletwa na flashi iliyotoka katika duka la steshenari, ambako hati zilipelekwa kuchapwa siku umeme ulipokatika. Ilipochomekwa na faili lake kufunguliwa, ilianza kufanya kazi kwa madaraka madogo ya karani. Kisha, kwa kuwa mfumo ulikuwa wa zamani na nyufa zake zajulikana, ikajipandisha. Mama akarudi kazini. Hatukusikia kama aliombwa radhi.

Kwa sababu hiyo "ndani" haitufai, hata kama ni neno rahisi. Yafaa ieleweke kwamba mwenye kujipandisha madaraka aweza kuwa mtu aliye nchi ya mbali kabisa ambaye hajawahi kuliona ziwa letu. Hutumia kwanza kasoro nyingine ili apate mguu ndani ya mashine, kisha hutumia hii ili apande. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwishoni mwa mwaka 2013, wakati washambulizi walipotuma hati za PDF zilizotegwa: hati ilipofunguliwa kwa programu ya zamani ya Adobe Reader, waliingia wakiwa na uwezo wa mtumiaji tu, na hapo hapo wakatumia kasoro iliyokuwa katika sehemu ya Windows XP iitwayo NDProxy ili kukifikia kiini. Kasoro mbili, ngazi mbili. Anayeitafsiri ya pili kuwa "ya ndani" humfanya msomaji asahau ya kwanza.

Lugha yetu ina ngeli tatu za mahali, nasi huzifundisha kila mwaka: hapo, huko, humo. "Hapo" ni mahali dhahiri, "huko" ni upande, "humo" ni ndani ya kitu kilichotajwa. Twapendekeza istilahi iwe "ufa wa humo", dhidi ya "ufa wa mbali". Tulipowaeleza walimu wachache wa Ilemela na Nyamagana, mmoja alipinga kwa hoja nzuri: kwamba "humo" hurejelea kitu kilichokwisha kutajwa, na istilahi haiwezi kuegemea sentensi iliyoitangulia. Twaikubali hoja hiyo nusu. Katika kutajwa mara ya kwanza, iandikwe kwa ukamilifu, "ufa wa humo mashineni". Baada ya hapo ifupishwe. Masikio yatakataa kwanza, kama yalivyokataa "barua pepe" na baadaye yakasahau kwamba yaliikataa.

Tumekwisha kutumia neno "ufa" bila kulitetea. Wengi husema "udhaifu", nalo si baya, lakini udhaifu ni hali: mtu ni dhaifu, mfumo ni dhaifu, na hali haihesabiki kwa urahisi. Mafundi wana haja ya kuhesabu. Kila kasoro inayogunduliwa hupewa namba yake na mwaka wake katika daftari la kimataifa, na kila moja huzibwa peke yake. Ufa huhesabika: ufa mmoja, nyufa kumi. Na kitu kinachouziba watu wamekwisha kukiita "kiraka", bila kutuuliza. Ni kweli kwamba ukuta hauzibwi kwa kiraka na nguo haina ufa. Mjumbe wetu mmoja, mtu wa pwani, alitaka kuyapatanisha mawili haya kwa neno "kalafati", ambalo mafundi wa majahazi huliita tendo la kuziba mianya ya mbao. Ni neno lenye ladha ya bahari, ila tulishauriana tukaona kuwa mwalimu wa Sengerema atalazimika kulifafanua kabla hajafafanua kompyuta. Kiraka kibaki.

Yale yanayohusu uzee wa mfumo yana uzito wake. Waraka wetu ulizungumzia kompyuta "zilizopitwa na wakati", na watumishi wengine walidhani wanalaumiwa kwa kutumia vitu vya mtumba. Umri si kiini cha jambo. Mfumo waweza kuwa wa miaka kumi na bado ukapata viraka kila mwezi. Mwingine waweza kufanya kazi vizuri, kwa haraka, bila kukwama, nao ukawa umeachwa. Windows XP ilitolewa mwaka 2001, na katikati ya muongo ule ikapata hata sura ya Kiswahili, kazi iliyowapa wafasiri wetu nafasi ya kuyajaribu maneno mengi tunayoyatumia leo. Matunzo yake yalikoma tarehe 8 Aprili 2014. Ufa ule wa NDProxy ulizibwa mwezi Januari wa mwaka huo huo, wiki kumi na mbili tu kabla ya mlango kufungwa. Windows 7 ilikoma tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupewa muda wa nyongeza. Kwa hiyo twapendekeza "mfumo uliokoma kutunzwa", na kila palipo na nafasi tarehe itajwe, kwa kuwa tarehe haibishaniwi.

Ni nini hasa hutokea baada ya tarehe hiyo? Watu wengi hudhani kwamba mfumo hubaki kama ulivyokuwa, na kwamba kama jana ulikuwa salama leo ni salama vile vile. La. Mifumo mipya hujengwa juu ya ile ya zamani, na sehemu nyingi huhamishwa jinsi zilivyo. Ufa unapogunduliwa katika mfumo mpya, kiraka hutolewa kwa watu wote, wema na wabaya. Mwenye nia mbaya hukichukua kiraka, hukilinganisha na programu iliyokuwapo kabla yake, naye huona ni mahali gani palipobadilishwa. Kisha huenda katika mfumo wa zamani na kutazama mahali pale pale. Mara nyingi ufa upo, na hakuna atakayeuziba. Kila kiraka kinachotolewa kwa jirani ni ramani ya nyumba yako.

Kuna jambo moja linalofanya mazungumzo haya yote kuwa ya bure katika ofisi nyingi, nasi hatuna budi kulisema. Katika Windows XP akaunti ya kwanza iliyofunguliwa wakati wa kuiweka ilikuwa na madaraka ya msimamizi, na watu waliendelea nayo, wakaandikia barua, wakafungulia flashi. Windows Vista ya mwaka 2007 ilijaribu kuibadili desturi hiyo kwa kuuliza kabla ya kila jambo kubwa, ikachukiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mahali ambapo kila mtumishi ni msimamizi hakuna ufa wa humo unaohitajika, maana hakuna ukuta. Tuliuliza swali hili katika ofisi kadhaa za kando ya ziwa, na jibu la kawaida lilikuwa kwamba akaunti ya kawaida "inasumbua".

Sheria nayo yatudai maneno sahihi. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 4, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki, na katika kifungu cha 5, kubaki humo baada ya muda ulioruhusiwa kwisha. Wanasheria watajua jinsi ya kuvisoma vifungu hivyo. Sisi twatazama vitenzi tu. Mtu wa kujipandisha madaraka aweza kuwa aliingia kwa ruhusa, na muda wake haujaisha. Hakimu wa Mwanza atakayeletewa kesi ya namna hiyo atahitaji shahidi awezaye kusema, kwa Kiswahili kisichotatanisha, kwamba mshtakiwa aliruhusiwa kuwamo, na kwamba alichokifanya humo ni kujitwalia uwezo ambao hakupewa. Wakili wa upande wa pili atamwuliza kama "upendeleo" ni kosa la jinai.

Neno moja bado limetushinda, nalo ni lile linaloitaja programu au mbinu mahsusi iliyotengenezwa ili kuutumia ufa fulani. Wengine wamesema "unyonyaji", kwa kufuata maana nyingine ya neno la Kiingereza, na waliosoma siasa watajua kwa nini tulicheka. "Njia ya kupenyea" yaeleweka lakini si istilahi. Wasomaji wenye pendekezo wanaombwa walilete.

Kabla ya kuondoka Mwanza tuliombwa kuuandika upya waraka ule. Tuliandika hivi: "Kompyuta za ofisi zina nyufa zinazomwezesha mtu au programu iliyokwisha kuingia humo kwa akaunti ya kawaida kujipandisha madaraka hadi ya msimamizi. Viraka vya nyufa hizo vimetolewa. Fundi atavitia siku ya Ijumaa jioni. Kila mtumishi ahifadhi kazi zake na kuiacha kompyuta ikiwa imewashwa." Siku ya Ijumaa kompyuta zote ziliachwa zimewashwa.

Moja tu haikupata kiraka. Ni ile iliyounganishwa na mizani ya kupimia mizigo, ambayo programu yake haikubali mfumo wowote mpya kuliko Windows XP, na mizani ya kuibadili haimo katika bajeti. Fundi aliitoa katika mtandao, akaziba matundu ya flashi, akafuta akaunti zote isipokuwa ya kawaida moja na yake mwenyewe. Akatuuliza aandike nini katika karatasi ya kubandika juu yake. Tulimwandikia: "Mfumo uliokoma kutunzwa tangu tarehe 8 Aprili 2014. Usichomeke kitu."